Bomba Juu ya Nyumba ya Dani

Harufu ya mbuta aliyekaushwa kwa moshi hunikamata popote. Naweza kuwa sokoni Migori na haraka zangu zote, mkoba begani na simu sikioni, halafu mama mmoja afunue gunia lake la samaki mbele yangu, na papo hapo nasahau nilikuwa naenda wapi. Nasimama. Navuta pumzi. Niko Sori tena, kijijini kwetu kando ya ziwa, miguu mitupu, mlangoni pa nyumba ya Dani, na ndani mna kiza cha rangi ya kahawia na sauti ya mafuta ya samaki yakidondokea makaa, chwii, chwii. Dani ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, na huyu wangu, mama yake Baba, kazi yake ilikuwa kukausha samaki. Nyumba yake ilikuwa ya mviringo, kuta za udongo, paa la nyasi, mlango mmoja, dirisha hakuna. Sisi wasichana tulilala kwake kama ilivyokuwa desturi, kwa hiyo tulikua tukinuka samaki kuanzia nywele hadi sare za shule. Wenzetu darasani walitutania sana kwa sababu hiyo. Mimi sikujali hata kidogo, maana hao hao waliotutania niliwaona wakimeza mate.

Lazima nieleze jinsi tulivyoupenda moshi, la sivyo mengine hayataeleweka. Asubuhi ukisimama kwenye kilima kidogo nyuma ya shule yetu uliweza kusoma kijiji kizima kwa moshi tu. Ulipenya taratibu katikati ya nyasi za paa, si mahali pamoja bali kote kote, kama mvuke unavyotoka kwenye sufuria ya ugali. Pale wameamka. Pale wanachemsha chai. Pale mama mwenye nyumba ameenda Muhuru Bay kununua samaki na watoto wamelala hadi saa hizi, wavivu hao. Jioni ikifika na nyumba fulani haijatoa moshi, Mama alikuwa akinituma niende kuuliza kama kuna mgonjwa. Moshi ulifukuza mbu, ulizuia mchwa wasile paa, na ulizipaka boriti za Dani masizi meusi yanayong'aa ambayo aliyaonyesha wageni kwa fahari, akinyoosha kidole juu, wakati wageni wenyewe hawaoni chochote kwa machozi. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kitu hicho kinaweza kumdhuru mtu.

Mdogo wangu, Atieno, alikuwa hajaanza darasa la kwanza, na nasema bila aibu kwamba nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani. Alikuwa na maneno mengi. Alianza kukuhadithia jambo ukiwa kisimani na kulimaliza ukiwa umeshafika nyumbani, na katikati ya hadithi alicheka mwenyewe hadi akaketi chini. Wakati wa kiangazi alikuwa mzima kabisa, kwa sababu Dani alikausha samaki wake nje, nyuma ya nyumba. Tanuri lake lilikuwa ukuta mfupi wa udongo wa mviringo, waya wa chuma juu yake, samaki wamepangwa kichwa kwa mkia, na mabati makuukuu ya kuwafunika. Mvua za masika zilipoanza, moto wa nje haukukubali tena, na Dani alifanya alivyofanya kila mwaka: alijenga tanuri lingine dogo ndani ya nyumba. Ndipo kifua cha Atieno kilipoanza kupiga filimbi. Unamsikia amelala, na kila pumzi inatoka na mluzi mwembamba, halafu mabega yanapanda, halafu mbavu zinaingia ndani, na macho yanakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyeficha hewa.

Mama alimbeba mgongoni hadi zahanati, nami nikafuata na mwavuli. Daktari, maana kwetu kila aliyevaa koti jeupe alikuwa daktari, alimsikiliza kifua kwa muda, akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akatuambia kwa Kiswahili cha haraka, "Huyu mtoto ako na pumu. Msimweke kwa vumbi, msimweke kwa baridi, msimweke kwa moshi. Mmeskia, mama?" Mama akasema amesikia. Na kweli tulikuwa tumesikia. Tulirudi nyumbani tukiyarudia maneno yale matatu njiani, tukamweleza Dani, tukakaa chini kupanga vita. Vumbi halikuwa taabu, mvua ilikuwa inanyesha. Moshi, Dani alisema, labda daktari alimaanisha ule wa magari. Ilibaki baridi, na baridi tulikuwa tunaijua! Tuliishambulia kwa nguvu zetu zote. Atieno alivishwa sweta juu ya sweta. Mlango ulifungwa mchana kutwa, na upenyo wa chini Dani akauziba kwa gunia. Mkeka wa Atieno ukahamishwa kutoka ukutani ukawekwa mahali penye joto kuliko pote ndani ya nyumba ile, yaani kando kabisa ya tanuri la samaki.

Kila alipozidiwa tulimsogeza karibu zaidi na moto. Nikiikumbuka picha hiyo leo natamani kupiga kelele: Dani akimfunika blanketi, akiongeza kuni kwa upendo, mimi nikipepea makaa ili yawake vizuri, na Atieno katikati yetu akihangaika kupata pumzi. Alikuwa ameacha kuhadithia. Alianza sentensi, akafika katikati, akanyamaza, akaniangalia nimmalizie. Mimi niliogopa kwamba atakufa. Sikumwambia mtu, lakini Baba aliogopa pia, kwa sababu aliacha kupiga mluzi akifanya kazi, na Baba alikuwa fundi wa mashua ambaye hakuweza kugonga msumari mmoja bila mluzi. Likizo ya Aprili ilipofika alisema tupelekwe Kisegi kwa dada yake, tubadilishe mahali, labda itasaidia.

Nilifurahi kupita kiasi! Tulipanda boti la injini pale Sori, milima ya Gwassi ikatuzunguka polepole upande wa kulia, na Atieno, amefungwa ndani ya sweta zake, akawa anauliza jina la kila mlima na mimi ninabuni majina yasiyokuwepo. Waya alitupokea ufukweni. Waya ni shangazi, dada wa baba, na huyu wetu alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na mikono mirefu aliyeanika omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani. Omena wake walikaushwa na jua tu. Tena hakuwa na jiko. Jiko lake la nyasi liliangushwa na upepo zamani, na mumewe alikuwa anaahidi kulijenga upya tangu sijui lini, kwa hiyo Waya alipika nje, chini ya kibanda cha nguzo na mabati kisicho na ukuta hata mmoja, akimsimanga mumewe kwa kila chungu alichoinjika. "Mwanamume wangu ana maneno," alisema, "lakini maneno hayaezeki jiko." Sisi tulicheka, na mumewe akacheka kuliko sisi.

Sijui ilichukua siku ngapi. Najua tu kwamba asubuhi moja niliamka nikasikiliza, kama nilivyozoea, na sikusikia kitu. Niliruka nikidhani amekufa. Hakuwepo kitandani. Nilitoka nje mbio na kumkuta ufukweni, sweta amezitupa, anakimbiza ndege wasile omena, anapiga kelele, anakimbia hadi majini na kurudi, na anahadithia huku anakimbia! Nilimfuata nikashika kifua chake kwa kiganja. Kimya. Nikaweka sikio. Moyo tu, unadunda kwa raha. Nilimwinua nikamzungusha hadi sote tukaanguka kwenye omena wa watu, na Waya akatufukuza na fagio. Chakula cha asubuhi hiyo kilikuwa na mjadala mkali. Waya alisema ni maombi ya akina mama wa kanisani kwake. Mumewe alisema ni maji ya Kisegi, ambayo yanajulikana kuwa mepesi. Mimi niliunga mkono maji, na Waya naye akakubali kwamba huenda Mungu alitumia maji, kwa hiyo ikaamuliwa kwamba tutakaporudi Sori tutabeba mtungi wa plastiki uliojaa. Hakuna aliyesema kwamba ziwa lenyewe ni moja, la Sori ni lile lile la Kisegi.

Kisha mume wa Waya akajenga jiko. Nafikiri alichoka kuchekwa mbele ya watoto. Aliita vijana, wakasimamisha nguzo, wakakandika udongo, wakaezeka, na kikawa kibanda kizuri cha mviringo chenye mlango mmoja, dirisha hakuna. Waya alipiga vigelegele, majirani wakaja kuona. Siku ya kulizindua ilinyesha mvua kubwa, na mwenyewe akaleta kamongo mnene, yule samaki mrefu wa matopeni ambaye nyama yake hupendeza akipitishwa kwenye moshi kwanza. Tuliingia sote ndani, mlango ukafungwa kwa sababu ya mvua, kuni zilikuwa mbichi, na furaha ilikuwa tele. Atieno alikaa mapajani mwangu akihadithia jinsi kamongo alivyomwangalia kwa jicho moja. Akafika katikati ya sentensi. Akanyamaza. Akaniangalia nimmalizie.

Nilijua kabla filimbi haijaanza. Sijui namna ya kueleza jinsi jambo linavyoingia kichwani mwa mtoto kwa mkupuo mmoja, lakini niliona kila kitu: mvua, mlango uliofungwa, mkeka kando ya tanuri, gunia tulilozibia upenyo, na yule daktari akitaja neno la tatu ambalo tulilipa magari. Nilimbeba Atieno nikautandika mlango teke, nikatoka naye mvuani nikipiga kelele, "Ni moshi! Waya, si maji, ni moshi!" Waya alitoka nyuma yangu amekasirika kweli kweli. "Achieng', unataka kuua mtoto na mvua? Moshi gani? Moshi uliwahi kuua nani?" Nilikimbilia kile kibanda cha zamani kisicho na ukuta, nikaketi naye pale upepo wa ziwa unapopita. Mumewe akaleta ile dawa ya kuvuta. Waya alisimama juu yetu mikono kiunoni, tayari kunichapa, akisikiliza. Mluzi ukapungua. Ukapungua tena. Baada ya muda Atieno akavuta pumzi ndefu na kumalizia sentensi yake kuhusu kamongo, na Waya akaketi chini kwenye tope bila kuangalia anapoketi.

Ningependa kusema kwamba nilipewa sifa. Nilipewa adhabu kubwa kuliko kiboko. Waya alipiga hesabu zake usiku ule na kutoa hukumu asubuhi: ikiwa ni moshi, basi Atieno harudi Sori. Nyumba ya Dani ina moshi kuliko nyumba zote za eneo zima la Nyatike. Mtoto atabaki Kisegi, ataanza shule Kisegi, na jiko jipya litakuwa ghala la nyavu. Aliusema uamuzi huo kwa upole na ulikuwa sahihi, nami nilimchukia kwa moyo wangu wote. Shule zilikuwa zinafunguliwa. Nilipanda boti peke yangu. Atieno alisimama ufukweni bila sweta, akapunga mkono akidhani nitarudi Jumamosi, na Waya, ambaye hakupenda kupoteza kitu, akanitwika ule mtungi wa maji vilevile.

Dani alinisikiliza akiwa ameketi kando ya tanuri, uma wa kugeuzia samaki mkononi. Nilitarajia afurahi kwamba tumejua sababu. Akakunja uso. "Kwa hiyo ni moshi wangu unaomfukuza mtoto," alisema. Baba akajaribu kueleza, akataja daktari, na Dani akamkata. "Moshi huu ndio uliokulipia karo. Wewe ulilala hapo hapo kando ya moto, na tazama ulivyo, kama nguzo ya gati." Alitoka nje, jambo ambalo hakuwahi kulifanya samaki wakiwa motoni, na ikabidi mimi nigeuze. Jioni ile mkeka wa Atieno ulikuwa bado umekunjwa mahali pake, nami nililala nikiuangalia, nikihesabu mambo niliyokuwa nimepanga kumwonyesha. Nililia bila kujificha. Dani alinisikia, na mimi nilitaka anisikie.

Asubuhi moja nilimkuta ameupindua mtungi wake mkubwa wa maji, ule wa udongo uliopasuka tumboni miaka mingi iliyopita na ambao hakuruhusu mtu autupe. Alikuwa anaugonga taratibu kwa jiwe, akiondoa tumbo na kuacha shingo tu, duara nene na zuri. Akamwita Baba. "Wewe unaweza kuzuia maji ya ziwa lote yasiingie kwenye mashua," alimwambia. "Utashindwa kuutoa moshi kwenye nyumba ya mama yako?" Lo, ungemwona Baba! Alikimbia kwenye karakana yake, nami nyuma yake. Mashua za kwetu, mbao zikishaungana, mshono hufunikwa kwa vipande vyembamba vya bati vinavyokatwa kutoka madebe ya mafuta ya kupikia, na Baba alikuwa na rundo la madebe hayo. Aliyafungua, akayanyoosha kwa nyundo, akayakunja kuzunguka gogo, akaunganisha mshono kwa mshono, na likazaliwa bomba refu lenye picha za alizeti za kampuni ya mafuta kuanzia chini hadi juu. Na alikuwa anapiga mluzi.

Dani mwenyewe alivunja tanuri lake la ndani na kulijenga upya kwa udongo wa kichuguu, safari hii lenye kuta ndefu na mdomo mdogo wa kutilia kuni, bomba likitokea kwa nyuma. Mimi nilikanyaga udongo hadi miguu ikakosa hisia. Baba alipanda juu, akatoboa paa la nyasi karibu na kilele, na ile shingo ya mtungi ikawekwa kwenye tundu ili bomba la moto lisiguse nyasi. Ndiyo maana Dani alikuwa ameitunza miaka yote, nilifikiri, ingawa najua sivyo. Siku ya kuwasha, majirani walijaa. Moto ukashika, moshi ukaingia bombani kwa utii kabisa, tukaanza kushangilia. Halafu upepo wa mchana ukatoka ziwani, ukapiga kilele cha paa, ukaingia bombani na kuusukuma moshi wote ndani kwa mkupuo mmoja. Tulitoka nje tukigombania mlango, Dani wa kwanza, mtandio mdomoni, akikohoa na kulaani madebe. Watu walicheka hadi wakashikana. Baba hakucheka. Alisimama akautazama upepo kama anavyoutazama mtu wa mashua, akasema bomba ni fupi, lazima lipite kilele na liendelee kupanda hadi upepo ulipite bila kuurudisha moshi ndani. Akaongeza debe juu ya debe. Likapita kilele, likapanda, likapanda tena, akalifunga kwenye ufito wa mti ili lisiyumbe, na juu kabisa akaliwekea kofia ya bati iliyochongoka.

Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo mtu wa kwetu peke yake angeligundua. Zamani katika boma la Mluo, kwenye kilele cha paa la nyumba ya mwenye boma kulichomekwa ufito mrefu uliochongoka unaoitwa osuri. Ufito huo ulisema kwamba mwanamume wa hapa yu hai. Siku akifa, huondolewa. Babu yangu alipofariki waliondoa wa kwake, na tangu hapo paa la Dani lilikuwa butu, paa la mjane. Sasa lilikuwa na kitu kirefu, kimenyooka, kimechongoka, kinang'aa juani na kuonekana hadi kwenye maji. Haukupita muda mrefu kabla mzee Ochola, ndugu mdogo wa marehemu Babu, kutokea ng'ambo ya kijito akitembea kwa kasi ambayo sikujua anayo, fimbo mbele. "Nani ameolewa hapa bila sisi kujua?" aliuliza tangu mbali. "Osuri juu ya nyumba ya mjane! Ni ya nani?" Baba akashuka ngazi akijifuta mikono, akaanza kwa heshima, "Baba, hilo ni bomba tu, ni la moshi." Mzee hakutaka kusikia. Macho yalikuwa juu, na juu kulikuwa na osuri, pamoja na alizeti zake zote. Alitaka ishushwe kabla jua halijazama.

Nilikuwa nimeshikilia ngazi. Kama bomba linashuka, Atieno habaki Kisegi kwa muda. Anabaki moja kwa moja. Watu waliokuwa wakicheka walimgeukia Dani, kwa sababu mzee Ochola hakuwa mtu wa kubishiwa, na Dani hakuwahi kumbishia. Alikuwa bado na udongo viganjani. Alikuja akasimama mbele ya shemeji yake, mfupi kuliko yeye kwa kichwa kizima. "Ni ya Atieno," alisema. Mzee akadhani hakusikia vizuri. Dani akarudia, polepole, ili na watu wa mwisho wasikie. "Umeuliza ni ya nani. Ni ya mjukuu wako Atieno. Ukitaka itolewe, kwanza nitangazie kwamba amekufa."

Mzee alinyanyua kichwa tena. Akatazama bomba. Akamtazama Dani. Na wakati huo huo, ndani ya tanuri kuni zikashika vizuri, na moshi ukatoka pale juu chini ya kofia, mwingi, mweupe, ukachukuliwa na upepo kwenda huko kwake ng'ambo. Mzee Ochola akaufuata kwa macho. "Osuri yetu ya zamani haikuwa inavuta sigara," alisema hatimaye, na watu wakapasuka kwa kicheko, na Dani akamletea kiti. Alikaa hadi jioni. Alikula samaki wa kwanza wa tanuri jipya, na hapo ndipo wasiwasi wa mwisho wa Dani ulipokwisha, maana alikuwa na hofu kwamba moshi ukikimbia haraka samaki watabaki weupe kama waliochemshwa. Walitoka na rangi ya asali, bila punje ya masizi. Dani alimgeuza mmoja huku na huku, akanipa mkia, akasema tu, "Mwambie baba yako aende Kisegi."

Atieno alirudi na boti la Jumamosi, siku ile ile aliyodhani tangu mwanzo kwamba tutaonana. Alianza kuhadithia kabla hajashuka majini. Mvua ilinyesha usiku huo, tanuri lilikuwa linawaka, mlango tuliuacha nusu wazi kwa amri ya Dani, na mimi nililala na kiganja kifuani pake nikingoja katikati ya sentensi. Alipita katikati. Alimaliza, akaanza nyingine. Mara ya kwanza maishani mwangu niliona paa la Dani kutoka ndani, kila boriti, na mvua ilipokatika, nyota mbili kando ya bomba. Asubuhi nilipanda kile kilima nyuma ya shule nikatazama kijiji: mapaa yote yalikuwa yanafuka kote kote kama zamani, na moja tu, la kwetu, lilikuwa na moshi wake umesimama wima. Nilijisikia tajiri.

Sasa naishi mjini Migori na ninapika kwa gesi. Nyumba yangu ina madirisha makubwa, na mara nyingi nayafunga, kwa sababu jirani anachoma takataka za plastiki kila jioni na malori yanainua vumbi la barabara hadi kitandani. Nikimweleza jirani, ananijibu kama Waya, moshi uliwahi kuua nani, nami natoa hadithi hii mfukoni na kumsimulia yote bila kupunguza, naye huanza kucheka kwenye osuri na kuacha Dani anapojibu. Wakati ule tulikuwa na hewa ya ziwa zima mlangoni, tukaizibia njia kwa gunia kwa sababu tulimpenda mtoto. Leo tunajua mengi zaidi, tunaisoma hewa kwenye simu, na bado wapo watoto wanaosogezwa karibu na moto. Sitazungumza kama mhubiri. Najua tu kwamba nyumba ina mapafu pia, na kwamba mtu wa kwanza kuniambia hivyo kwa vitendo hakuwahi kukanyaga shule.

Dani alifariki akiwa mzee sana, mwaka juzi, kiangazi. Tulikusanyika Sori, sisi sote. Atieno alikuja na watoto wake, na ndiye aliyeongoza nyimbo mazishini, pumzi ndefu, bila kukatisha. Vijana waliokuwa wakifunga hema la wageni walitaka kamba ipite juu ya nyumba ya marehemu, na lile bomba likawa linawazuia. Lilikuwa limeshika kutu, alizeti hazionekani tena. Mmoja akapanda na koleo kuling'oa, bati likalia. Mzee Ochola alikuwa ameketi kivulini, haoni vizuri tena, anaongozwa kwa mkono, nami nilidhani amesinzia. Alinyanyua fimbo yake akaielekeza juu.

"Shuka," alimwambia kijana. "Hiyo ya Atieno. Humskii akiimba?"